Intaneti ya Simu na Intaneti ya Nyumbani: Ni Ipi Imfaayo Mkulima?



Mwanzoni mwa mvua zilizopita mzee mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu hapa Sosiot akiwa amekasirika sana. Alisema jirani zake wote wamekwisha kuletewa ujumbe wa mbolea ya serikali katika simu zao, na yeye hajapata hata neno moja. Tulitazama katika kompyuta, tukakuta jina lake limeandikwa sawasawa, namba ya kitambulisho ni sawa, na ekari zake ni sawa. Namba ya simu ndiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe aliye Nairobi, kwa kuwa siku ya kuandikishwa simu ya mzee ilikuwa imeisha moto. Kijana naye alikuwa amepoteza laini ile zamani, asiseme nyumbani. Basi ujumbe wa mbolea ulikwenda kwenye laini isiyo na mtu, na huku wenzake walikuwa wamekwisha kupanda mahindi.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu siku hizi mambo mengi ya boma yametundikwa juu ya simu moja, kama nguo zote za nyumba juu ya msumari mmoja. Na swali tunaloulizwa sana, hasa na wazazi wenye watoto wa sekondari na vyuo, ni hili: Je, simu peke yake yatosha kwa mambo ya intaneti, ama yafaa mtu avute intaneti ya nyumbani kama watu wa mjini? Jibu si moja kwa kila boma. Lakini mtu aweza kulipata mwenyewe kwa hesabu ndogo, akijua kwanza jinsi vitu hivi viwili vifanyavyo kazi.

KWA NINI INTANETI ILITUJIA KWA SIMU

Huko Ulaya na Marekani nyumba nyingi zilikuwa na waya wa simu kabla intaneti haijazaliwa. Intaneti ilipokuja ilipita katika waya ule ule. Huku kwetu waya wa simu ulifika posta, polisi, misheni na ofisi za mashamba makubwa ya chai, ukakomea hapo. Mwaka 1999 shirika la zamani la Posta na Simu liligawanywa, na mwaka 2000 kampuni mbili za simu za mkononi, yaani Safaricom na Kencell ambayo leo ni Airtel, zilianza kujenga minara kwa bidii. Mnara mmoja juu ya kilima ulifanya kazi ambayo ingetaka nguzo maelfu. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na tangu siku hiyo simu ikawa pia mfuko wa fedha.

Intaneti yenyewe wakati ule ilikuwa ghali, maana mawasiliano yetu na nchi za mbali yalitegemea setilaiti. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Mmojawapo, uitwao TEAMS, watoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Baada ya hapo bei ilishuka, na simu zenye kioo cha kugusa, ambazo wengine huziita simu janja, zikaanza kuonekana hata mikononi mwa wachumaji wa chai. Katika sensa ya 2019, nyumba 18 hivi kati ya kila 100 nchini zilikuwa na intaneti, na zenye kompyuta hazikufika 9 kati ya 100. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, Nairobi ikiwamo. Kwa hiyo mtoto wa mashambani aliyeiona intaneti mara ya kwanza, karibu kila mara aliiona katika simu ya mzazi wake.

Katika skimu kuna sababu nyingine tena. Mjini Kericho jengo moja la kupanga laweza kuwa na nyumba 20, na kampuni ikivuta waya mmoja mpaka mlangoni imepata wateja 20. Skimu zilikatwa kwa mpango wa kila mtu kukaa katika shamba lake. Nyumba yako iko upande huu wa ploti, ya jirani iko ng'ambo ya chai na malisho, na kati yenu pengine kuna bonde lenye kijito. Kampuni ikihesabu nguzo na waya, kisha ikahesabu milango, hurudi mjini. Si kwamba tumesahauliwa. Mpango ule ule uliotupa nafasi ya kulima ndio uongezao bei ya waya.

DEBE NA BOMBA

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa tusieleze jambo geni ila kwa jambo ambalo mwanafunzi alijua tayari. Basi chukueni maji. Intaneti ya simu ni kama maji ya kununua kwa debe. Hulipi ila kile ulichochota. Siku huna fedha hununui. Tena maji yako waenda nayo popote, sokoni, shambani, hata hospitali. Lakini kila anayekunywa anapunguza, na likiisha limeisha. Intaneti ya nyumbani ni kama bomba lililovutwa mpaka uani. Utalipa kila mwisho wa mwezi, unywe usinywe, na bomba halikufuati shambani. Lakini watu wote wa nyumba huteka hapo, na mgeni pia, bila kuulizana nani amemaliza. (Nao wenye bomba huweka kipimo mara nyingine, ukikipita, maji huanza kudondoka badala ya kutiririka. Uliza habari ya kipimo hicho kabla ya kutia sahihi.)

Uzito wa mambo ya intaneti hupimwa kwa MB na GB. MB 1,000 ni GB 1. Ujumbe wa maneno ni mwepesi kama unyoya. Picha moja ya WhatsApp yaweza kuwa na uzito wa barua 50 za maneno matupu. Video ya saa moja, hata isiyo safi sana, yaweza kula nusu GB au zaidi. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "bando zimeibwa" na atazame kwanza ni nani nyumbani anayetazama mpira na vichekesho.

Sasa tupige hesabu. Tuseme baba hununua bando ya Sh. 20 kila siku, mama Sh. 20, na kijana aliyemaliza shule Sh. 50. Jumla ya siku moja ni Sh. 90. Kwa mwezi wa siku 30 ni Sh. 2,700. Watu wengi hawaamini wakiambiwa, kwa maana Sh. 20 haiumi. Ni kama sukari ya vipakiti: mtu hanunui kilo kwa sababu kilo ni ghali, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya bei ya kilo. Na faiba, yaani ule waya mwembamba wa kioo upitishao nuru, huduma yake ndogo mjini imekuwa kama Sh. 3,000 kwa mwezi. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo ulizeni wenyewe, lakini mwaona kwamba boma la watu watatu wanaotumia hivyo limekwisha kukaribia bei ya bomba, na bado linachota kwa debe.

Lakini mzee anayenunua bando ya Sh. 20 mara tatu kwa wiki hamalizi hata Sh. 300 kwa mwezi. Huyo akivuta intaneti ya nyumbani kwa sababu jirani amevuta, atakuwa kama mtu mwenye ng'ombe mmoja aliyejijengea dipu yake mwenyewe.

Ushauri wangu ni huu: chukueni daftari la mtoto, mwandike kila bando inayonunuliwa nyumbani kwa mwezi mmoja, na kila mtu aandike yake bila kuona haya. Daftari hilo litawaambia mengi kuliko mtu yeyote wa kampuni anayepita na makaratasi.

YALE AMBAYO SIMU YATOSHA

Mambo mengi ya mkulima hayataki bomba. Mengine hayataki hata bando. Kutuma na kupokea fedha kwa M-Pesa hakuhitaji intaneti, wala kusoma ujumbe mfupi hakuhitaji. Hayo hufanyika hata katika simu ndogo ile tuitayo mulika mwizi, ambayo moto wake hukaa siku tatu na ikianguka katika kikapu cha chai haivunjiki. Nawasihi msiitupe simu ndogo mkisha nunua kubwa.

Penye haja ya intaneti kidogo, simu janja ni msaada mkubwa. Mkulima aweza kusoma utabiri wa mvua kutoka idara ya hali ya hewa, au kumtumia afisa wa kilimo picha ya jani lenye ugonjwa. Na hapa nitaongeza neno, kwa sababu twaletewa picha nyingi zisizo na faida. Piga picha mchana, nje ya nyumba. Piga upande wa juu wa jani na upande wa chini, kisha mmea mzima. Andika ni mmea gani, umri wake, na dawa uliyokwisha kupiga. Picha moja ya gizani yenye kidole juu yake haimsaidii mtu, hata awe daktari wa mimea.

YALE AMBAYO SIMU HUSHINDWA

Simu hushindwa kazi ndefu. Kijana anayeomba nafasi ya chuo au mkopo wa masomo yampasa ajaze ukurasa baada ya ukurasa, aambatishe vyeti, asome masharti yenye maandishi madogo kama mbegu za wimbi. Akifanya hayo katika kioo cha upana wa vidole vinne hukosea. Bando ikikatika katikati, pengine aanze tena. Ndiyo sababu siku za mwisho za maombi utaona vijana wamejipanga saiba mpaka usiku, na nauli ya kurudi imekwisha.

Machi 2020 serikali ilipofunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na intaneti. Mimi nilikuwa na watoto watatu wa dada yangu nyumbani, darasa la nne, la saba, na mmoja wa kidato cha pili, na simu janja ilikuwa moja tu, nayo ni ya kazi yangu. Nikienda, shule imekwenda. Nikirudi jioni, watoto watatu waigombea na moto uko robo. Yule wa kidato cha pili alikuwa akinakili hesabu kwa kalamu kutoka kiooni, ili awapishe wadogo zake. Nilifundishwa kuwa mwalimu, na sikuweza kuwafundisha wote watatu kwa usiku mmoja na simu moja. Sisemi kwamba waya ungaliondoa shida ile yote, maana waya bila kompyuta ni bomba bila ndoo. Lakini tangu wakati ule siwezi kumwambia mzazi mwenye watoto wanne shuleni kwamba simu yake yatosha.

NJIA ZILIZOPO

Ikiwa daftari lako limekuonyesha kwamba wahitaji bomba, njia ni tatu. Iliyo bora ni faiba, ikiwa imefika karibu nawe. Huonekana mjini na katika vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara kuu. Mara nyingi imetundikwa juu ya nguzo pamoja na waya wa umeme. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa kutandaza kilomita 100,000 za faiba nchini, pamoja na intaneti ya bure mahali pa watu wengi. Muulizeni chifu na ofisi ya wadi mpango huo umefika wapi upande wenu.

Njia ya pili ni ruta ya laini. Ni kisanduku kidogo kinachotiwa laini kama simu, nacho hugawa intaneti nyumba nzima. Fahamu kwamba kisanduku hiki hakina maji yake. Chateka katika mnara ule ule wa simu. Mnara ukiwa hafifu kwako, na ruta itakuwa hafifu. Milima yetu huficha minara, mikaratusi mirefu hupunguza nguvu, na mabati ya nyumba huzuia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Simu isiyoshika chumbani yaweza kushika vizuri hatua kumi nje ya mlango. Basi kabla ya kununua ruta, azima laini za kampuni mbili tatu, uzijaribu nyumbani kwako saa mbili usiku, wakati kila mtu yumo mtandaoni. Usijaribu saa nne asubuhi ukafurahi bure. Ukishanunua, iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, si nyuma ya kabati la vyombo.

Njia ya tatu ni setilaiti. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya mwezi wa Julai 2023. Setilaiti zake huzunguka dunia karibu kilomita 550 juu, na sahani yake yataka mbingu wazi bila miti, na umeme wakati wote. Hapo mwanzo vyombo vyake vilikuwa zaidi ya Sh. 80,000, halafu bei ikapunguzwa sana. Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa, ikafungua tena mwaka 2025. Kwa mwenye ploti bondeni, ambako mnara wala waya haufiki, hii ndiyo njia ya kuulizia. Msinunue kwa fedha za bonasi siku ile ile mlipozipata. Ulizeni kwanza malipo ya kila mwezi, maana bonasi huja mara moja kwa mwaka na malipo haya huja mara 12.

Nisipotaja mabaluni mtasema nimesahau. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyo ya jamaa moja na Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kugawa intaneti kwa mabaluni 35 hivi yaliyoelea kilomita 20 juu. Eneo lake lilikuwa karibu kilomita 50,000 za mraba, na Kericho na Bomet zilikuwamo. Wapo walioinua macho kuyatafuta mbinguni hata shingo zikauma. Januari 2021 kampuni ilitangaza kwamba inafunga kwa sababu gharama haikushuka kama ilivyotumainiwa, na Machi mwaka ule huduma ilikoma. Nawakumbusha habari hiyo ili mtu asiuze ndama kwa ajili ya chombo kipya kabla hajaona kimekaa mwaka mmoja au miwili.

Kwa maoni yangu, skimu ingefanya vizuri zaidi kuanza na bomba moja la wote. Shule ya msingi, kanisa au jengo la ushirika likivutwa waya mmoja, na kukawa na kompyuta mbili tatu na mtu wa kuzitunza, watoto wa ploti 30 wangeandika maombi yao hapo bila nauli ya kwenda mjini. Lakini ulizeni kampuni kwanza kama masharti yake yaruhusu kugawana. Nyingine hukataza kabisa kuuza tena.

MATATIZO YASIYOCHAGUA

Kila njia ina siku yake ya kulala. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Ruta zote za majumbani zisizo na betri zilizimika saa ile ile, na simu ziliendelea, maana simu ina moto wake na minara mingi ina betri au jenereta. Hiyo ni faida ya simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki yote, ya simu na ya waya pia. Na Julai 2023 mtandao wa eCitizen ulishambuliwa, huduma za serikali zikakwama kwa siku kadhaa. Hapo hata mwenye bomba zuri hakupata kitu. Kwa hiyo jambo lenye tarehe ya mwisho lifanyeni wiki moja mbele.

Na sasa nirudi kwa ule msumari mmoja. Hata ukivuta waya wa namna gani, fedha zako na jumbe za serikali bado zitakuja kwa laini. Laini ya kila mtu iandikishwe kwa kitambulisho chake mwenyewe, si cha mjomba. Bonyeza *#06# katika simu, uandike namba itakayotokea mahali pa salama nyumbani. Ndiyo namba ya simu yenyewe, na polisi wataiuliza ikiibwa. Namba za watu wako ziandike pia katika karatasi. Namba ya siri ya M-Pesa usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kampuni, hata akiwa na sauti ya upole na akilijua jina lako lote. Na katika WhatsApp zima ule mpango wa kupakua picha na video zenyewe bila kuulizwa. Bando yako itakaa muda mrefu zaidi.

Yule mzee tulimbadilishia namba siku ile ile, na ujumbe wake ulifika baada ya siku chache. Mahindi yake ameyapanda kwa kuchelewa. Mtu yeyote asiye na hakika na namba iliyoandikwa kwa jina lake katika orodha ya wakulima aende ofisi ya kilimo ya wadi yake, akiwa na kitambulisho na simu yenyewe. Ikiwa na moto, tafadhali, maana waya wetu wa kuchaji ni mmoja.